Bustani ya Dada, Kitangari

Kila mwaka mvua zikikatika, kifurushi kilishuka kutoka Kitangari kuja kwangu Masasi. Dada yangu hakumtafuta mtu maalumu wa kumtuma. Alimkabidhi yeyote anayeshuka: mwalimu anayerudi kazini, mama anayekuja hospitali kumwona mgonjwa, hata bwana mmoja wa kununua mbaazi ambaye hakumjua kwa jina. Mtu huyo akifika mtaani kwetu Mkomaindo aliuliza nyumba ya fundi cherehani, akaoneshwa, akabisha hodi, na kabla hajakaa alikuwa ameshasema, "Mzigo wako kutoka kwa dada yako. Amesema usiuweke penye unyevu."

Kilikuwa kiroba kimoja, kimefungwa kwa kamba ya mkonge. Mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye haachi redio yake kwa jambo dogo, aliizima. Nilisogeza vitambaa vya wateja, nikafungua juu ya meza ya kushonea. Majani ya kunde makavu, meusi, mepesi kama manyoya. Bamia zilizokatwa vipande na kukauka hadi zikagongana. Embe mbichi za vipande, ngumu kama ngozi. Nyanya ndogo zilizopasuliwa katikati, bado zina chumvi mgongoni. Chupa ya ndimu. Kijifuko cha mrehani na kingine cha mchaichai. Chumba kizima kilinuka jiko la kwetu, na mimi nilikaa pale kwenye kiti cha cherehani bila kufanya kazi mpaka jua likahama dirishani.

Masasi si mbali na kwetu. Mtu akiondoka asubuhi, adhuhuri yuko Newala, na bado ana muda wa kupanda pikipiki hadi Kitangari kabla jua halijapoa. Watu waliponisikia nikisema nimekumbuka nyumbani walicheka. "Nyumbani gani? Hapo tu juu?" Nimeishi Masasi zaidi ya miaka thelathini, nimezalia hapa, nimezeekea hapa. Lakini kila nilipofungua kile kiroba, nilijua kwamba mimi ni mgeni aliyekawia kurudi.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne. Dada alikuwa na kumi na mitano, na hapakuwa na mtoto mwingine kati yetu. Waliokuwa kati walikufa wadogo. Baba alikuwa mwalimu wa kanisa na mkulima wa korosho. Alijua kusali na alijua kupalilia, lakini hakujua kusuka nywele za mtoto wala kupika kitu zaidi ya ugali. Dada aliacha shule. Hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi moja hakuvaa sare, akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba ambako mama alikuwa na vitalu vyake vya mboga, akaanza kung'oa magugu yaliyoota tangu msiba. Hilo nimesimuliwa na baba. Mimi ninachokumbuka ni kukaa kwenye mchanga karibu na miguu yake, nikila nyanya moja baada ya nyingine, na yeye akisema, "Bakiza za mchuzi, mama. Bakiza."

Aliniita mama tangu siku zile, kwa kuwa nilipewa jina la bibi mzaa mama, na mama yetu ndivyo alivyokuwa akiniita.

Anayetoka kwingine hawezi kuelewa bustani ya kwetu mpaka aelezwe habari ya maji. Uwanda wetu uko juu, udongo wake ni mchanga, na mvua ikinyesha inazama chini yote. Hakuna mto, hakuna kijito. Zamani watu walishuka mabondeni kuchota, wakapanda na ndoo kichwani, safari ya nusu siku. Sisi tulikuwa na bahati: baba alichimba kisima cha kuvunia maji ya mvua kando ya nyumba, akakisakafia kwa saruji, na mabati yote ya nyumba yakaelekezwa humo. Maji hayo yalitakiwa yatufikishe kutoka mwezi wa nne hadi mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo hakuna aliyemwaga maji. Maji yalioshea mchele, yakaoshea vyombo, yakanawishia miguu, ndipo yakaenda bustanini. Na hata huko dada aliyagawa. Yenye sabuni alipelekea mgomba na mipapai. Yasiyo na sabuni yalikuwa ya mchicha, bamia na nyanya. Maji ya kuoshea mchele, yale meupe, aliyaweka kwa ajili ya mrehani wake peke yake, na ukimwuliza sababu alisema, "Unapenda."

Vitalu vyake havikuinuliwa kama nilivyoona baadaye mjini. Alivichimba chini, kama mabakuli, ili tone lisikimbie. Juu alitandaza majani makavu ya mkorosho. Wakati wa mvua kunde zilitambaa kila mahali, na hapo ndipo kazi ya kukausha ilipoanza. Tulichuma majani machanga asubuhi, umande ukishakauka. Tuliyachovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, kidogo tu, tukayakamua kwa mikono, tukayaanika kwenye mkeka kivulini.

"Jua linakula rangi," dada alinifundisha. "Upepo ndio unaokausha. Jua linaunguza."

Nilikaa na fimbo nikifukuza kuku. Mwezi wa tisa, wakati ardhi yote imekauka na majirani wanakula ugali kwa chumvi, dada alitoa konzi mbili za majani yale kutoka kwenye mtungi, akayaloweka, akayachemsha, akayaunga kwa korosho zilizotwangwa. Baba alikula yote. Akimaliza alisema, "Mama yenu angeshiba." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa.

Niliolewa nikashuka Masasi. Dada aliolewa akiwa amechelewa, na mjane aliyekuwa fundi seremala, mtu mwema aliyehamia kwetu badala ya kumhamisha dada, kwa sababu dada alimwambia wazi kwamba hawezi kuacha vitalu. Hawakujaliwa mtoto. Baba akafariki, kisha fundi seremala naye, na dada akabaki peke yake kwenye nyumba ile na kisima kile. Nilimwambia mara nyingi aje tuishi pamoja. Kila mara alikuwa na kitu kinachokaribia kuiva.

Sasa nieleze mwaka ule wa mchanga.

Kiroba kilikuja kama kawaida, mwezi wa sita. Nilikifungua, mume wangu akazima redio. Nikaloweka majani ya kunde ya chakula cha jioni hiyohiyo. Nilipoyageuza kwenye bakuli, chini kulikuwa na mchanga. Nikayaosha, nikayaosha tena. Tulipokula, mume wangu aliacha kutafuna, akatoa kitu mdomoni akakiweka pembeni mwa sahani. Kilikuwa kijiti. Siku iliyofuata nilimwaga majani yote mezani nikayachambua. Humo mlikuwa na magugu, majani ya kisamvu magumu, na hata jani zima la mkorosho. Bamia nyingine zilikuwa zimekomaa hadi kuwa kuni.

Dada yangu alikuwa mtu wa kupepeta kitu mara tatu. Ningetakiwa kushangaa. Badala yake nilikasirika, kama mtoto aliyepewa chakula kilichopoa. Nikampigia simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mama. Mzigo umefika?"

"Umefika. Lakini dada, mwaka huu umeniletea shamba zima. Mchanga, magugu, vijiti. Mwalimu nusura avunjike jino."

Akacheka. "Ni upepo. Mwaka huu upepo umekuwa mkali."

"Upepo unaleta jani la mkorosho ndani ya kiroba?"

"Nisamehe," akasema. "Mwakani nitaangalia vizuri."

Nisamehe. Dada aliyenilea akaniomba msamaha kwa ajili ya mchanga, na mimi nikasema haya, nikakata simu, nikarudi kwenye cherehani. Hadi leo nikikumbuka nasikia uso ukinipata moto.

Mwaka uliofuata kiroba hakikuja. Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukaingia. Nilipompigia alisema mboga hazikustawi. Nilipomwuliza habari ya embe alisema wadudu. Alikuwa anaongea Kiswahili, na hilo ndilo lililonigutusha, kwa sababu sisi wawili huongea Chimakonde, na dada alihamia Kiswahili pale tu alipokuwa anaongea na watu wa ofisini au anaficha jambo. Nikamwambia mume wangu nitapanda kesho yake. Sikumwambia dada.

Nilifika kama saa tisa alasiri. Sikubisha hodi. Kutoka njiani nilimwona nyuma ya nyumba, ameinama kwenye kitalu, na nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe mzima. Nikasimama nimtazame kidogo kabla sijaita. Hapo nikaona kwamba hatazami anachokifanya. Uso wake ulikuwa umeelekea juu, upande wa miti, na mikono yake ndiyo iliyokuwa inatembea chini. Ilishika mmea, ikapanda hadi kwenye jani, ikakwangua jani kwa ukucha, na akapeleka vidole puani. Akanusa. Akaushika mmea wa pili. Huo akaung'oa, akautupa. Ulikuwa mche wa nyanya.

Kamba ilitoka kwenye mlango wa jiko, ikapita kisimani, ikafika bustanini, imefungwa kwenye vigingi. Kila kichwa cha kitalu kilikuwa na kijiti chenye kitambaa. Nilivijua vitambaa vile. Vilikuwa mabaki ya kazi zangu, vile nilivyokuwa nikimtumia afungie chupa na mitungi. Kaniki ilikuwa kwenye mchicha. Kipande cha lesi ya gauni la harusi kilikuwa kwenye bamia. Kitambaa cha suruali ya sare, kile kigumu, kwenye nyanya chungu. Alikuwa anavisoma kwa vidole.

"Dada," nikaita.

Alishtuka akasimama haraka, akapangusa mikono kwenye kanga, akageuka upande ambao siko.

"Karibu mama," akasema. "Mbona hukuniambia? Ningepika."

Nilikwenda nikamshika. Macho yake yalikuwa na wingu, moja jeupe kabisa kama maziwa, jingine la kijivu. Nilimwuliza tangu lini. Akasema hajui, ilianza kidogo kidogo, kama moshi wa jikoni ambao hautoki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja kunichukua."

"Ndiyo, ningekuja kukuchukua!"

"Basi," akasema, "ndiyo maana."

Tulikaa kwenye kizingiti cha jiko. Nililia, yeye hakulia. Alinieleza kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mwaka uliotangulia alikuwa bado anaona mwanga na vivuli, akachuma kwa kukisia. Alipomaliza kukausha alijua kazi si safi; aliusikia mchanga kwa vidole lakini hakuweza kuutoa wote. Alifikiri asilete kabisa. Kisha akafikiri, nisipoleta atauliza. Akaleta. Nilipompigia simu kulalamika aliona aibu, akaamua mwaka unaofuata aache. Aliniambia haya bila kinyongo, akinipapasa mkono, na kila neno lake lilinichoma kwa kuwa halikukusudiwa kunichoma.

"Maji unachotaje?" nikamwuliza.

"Kwa kamba."

"Na ukianguka kisimani?"

"Sijaanguka."

Alikubali kushuka Masasi kwa sharti moja, kwamba jirani yake, mwanamke wa rika langu aliyekuwa anamletea kuni, apewe vitalu avitunze na mboga ale yeye. Asubuhi ya kuondoka alimpitisha jirani kitalu kwa kitalu, akimwonesha kila mmea kwa mkono, na jirani akaitikia, "Ndiyo bibi, ndiyo bibi," ingawa yeye ndiye aliyekuwa anaona.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Tulisubiri daktari wa macho, wakamfanyia jicho la kushoto kwanza. Siku waliyotoa bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama kwa muda mrefu, akanikagua kama anavyokagua embe.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe pia."

"Mimi nilijua. Wewe nilikuacha kijana."

Jicho la kulia halikupona vizuri, wakasema lilikuwa limekawia. Lakini moja lilimtosha. Alikaa kwangu tangu mwezi wa nane hadi karibu mwisho wa kumi na moja, na hiyo ndiyo miezi ninayoililia sasa.

Nyumba yangu ina bomba uani. Dada hakulizoea. Alilifungua, akayatazama maji, akalifunga kwa haraka kama aliyekutwa akiiba. Nilimwambia atumie tu. Akasema sawa, halafu nikamkuta ameweka ndoo tatu chini ya ukuta: ya maji ya mchele, ya maji ya vyombo, ya maji yenye sabuni. Wiki ya pili alimwomba mume wangu jembe. Uani kwangu palikuwa pagumu, pamekanyagwa miaka mingi na wateja, na nilimwambia hapaoti kitu. Alichimba mabakuli yake yaleyale. Akaomba majani makavu kwa jirani mwenye mkorosho. Mume wangu, ambaye sikuwahi kumwona na jembe tangu astaafu, nikamkuta amekunja suruali, anabeba samadi ya mbuzi kwa karai huku dada akimwelekeza.

"Shemeji, usirundike. Tandaza. Mmea hauli kwa pupa."

"Ndiyo, dada," mwalimu akajibu.

Mwezi wa kumi tulikuwa na mchicha. Kisha matembele, kisha miche ya nyanya chungu. Mrehani uliota kando ya dirisha langu la kushonea, na upepo ukivuma wateja walisimama wakauliza nini kinanukia. Embe zilipokomaa, mbichi bado, tuliletewa ndoo mbili na mteja wangu kutoka upande wa Chidya. Tulikaa uani kutwa nzima tukimenya na kukata. Dada alikata vyembamba, mimi vinene. Alivichukua vya kwangu akavikata upya bila kunitazama, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. Tulivinyunyizia chumvi, tukavianika kwenye chandarua cha zamani kilichofungwa kwenye nguzo nne.

Siku hiyo nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Dada, ulipoacha shule, iliuma?"

Aliendelea kukata. "Iliuma. Nilikuwa hodari wa hesabu." Akakata kipande kingine. "Lakini ulikuwa unanifuata kila mahali. Nikienda chooni, unakaa mlangoni. Ningekuacha na nani?"

Nilimwambia asante. Ilisikika ndogo sana. Yeye akasema, "Fukuza kuku."

Nilianza kuamini kwamba atabaki. Sikulisema; niliogopa kuligusa. Nilishona mapazia mapya ya chumba chake. Nilimnunulia kitanda cha kamba cha kukalia uani. Jumapili alikwenda kanisani na mimi, akawa na watu wake wa kusalimiana nao. Nilipolala nilimsikia chumba cha pili akikohoa, akigeuka, na nilijisikia kama msichana wa miaka minne ambaye mtu wake yupo.

Asubuhi moja alisimama uani akatazama juu. Kulikuwa na mawingu upande wa mashariki, ya kwanza mwaka ule, si mengi.

"Mabati hayajafagiliwa," akasema.

"Mabati gani?"

"Ya nyumbani. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya uchafu, inaingia kisimani na majani na kinyesi cha popo. Mwaka mzima maji yananuka."

"Mpigie jirani, afagie."

"Jirani hapandi ngazi."

"Dada, una bomba hapa. Una bustani hapa. Una jicho moja." Sauti yangu ilianza kupanda. "Huko una nini?"

Alinitazama kwa jicho lake zuri. Hakukasirika. "Mama," akasema, "mimi nimekaa kwako vizuri. Shemeji amenipa heshima. Lakini nikiamka hapa, kila siku najiuliza leo nimeamkia wapi. Kule siulizi."

Nilinuna siku mbili. Nilishona kwa hasira, nikavunja sindano. Siku ya tatu alifunga mizigo yake. Nilimsindikiza hadi stendi, na pale ndipo nilipomwomba, mbele za watu, bila aibu. Nilimwambia abaki. Nilimwambia sijawahi kukaa na mtu kama nilivyokaa naye, nimekuwa nikimsubiri tangu siku niliyoolewa. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, mikono yenye harufu ya majani.

"Njoo wewe," akasema.

Nilijua kwamba sitakwenda. Nilikuwa na mume ambaye presha yake ilikuwa inasumbua, nilikuwa na wajukuu wawili niliowalea, nilikuwa na vitambaa vya watu ndani. Naye alijua. Gari liliondoka, nikarudi nyumbani kwa miguu, na uani kulikuwa na embe kwenye chandarua ambazo bado hazijakauka.

Aliishi mvua nne baada ya hapo. Viroba vilianza kuja tena, safi, vimepepetwa mara tatu. Nilipanda Kitangari mara moja au mbili kwa mwaka, nikakaa siku chache, nikarudi. Kila mara nilisema mwakani nitakaa mwezi mzima. Mwezi mzima haukupatikana.

Aliugua kifua mwezi wa tatu, katikati ya mvua. Jirani alinipigia simu siku ya nne, kwa kuwa dada alimkataza siku tatu za mwanzo. Nilimkuta bado ana fahamu. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akamwambia jirani, "Mpe mboga," akafumba macho, na baada ya hapo alisema maneno machache tu ambayo hayakushikamana. Siku ya sita alifariki, asubuhi, mvua ikinyesha juu ya mabati na maji yakiingia kisimani kwa kishindo.

Tulimzika karibu na baba na mama. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nusu ya Kitangari walikuwa wamekula mboga yake kiangazi kimoja au kingine. Kiwanja kilikuwa cha ukoo. Mtoto wa baba mdogo alikuja kuzungumza nami baada ya kuanua matanga. Aliongea kwa adabu. Alisema atapanda mikorosho nyuma ya nyumba, akauliza kama nina neno. Nilitazama vitalu. Vilikuwa vimejaa. Kunde zilikuwa zimetambaa hadi kwenye njia, mchicha umefika magotini, bamia zimeanza kukomaa bila mtu wa kuzichuma.

"Nipe siku chache," nikamwambia. "Tuvune kwanza."

Wanawake waliokuwa wamebaki msibani walisikia, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Jirani alileta sufuria kubwa ya kanisa. Wengine walileta mikeka. Tulichuma tangu umande ulipokauka hadi mchana, tukachovya, tukakamua, tukaanika chini ya baraza kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na kwenda. Ilipotunyima upepo tulikausha juu ya moto mdogo wa jikoni, tukigeuza kwa zamu. Mwanamke mmoja mtu mzima alianza kueleza jinsi dada alivyomfundisha kutenga maji ya sabuni, mwingine akasema hapana, alimfundisha yeye kwanza, wakabishana, tukacheka, na katikati ya kicheko mmoja wetu alilia, na tukaendelea na kazi.

Tuligawana sawasawa. Fungu langu lilijaa nusu kiroba. Nilikifunga mwenyewe, nikashuka nacho.

Nilijaribu kuyala majani yale polepole. Nilipika mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa miezi miwili. Bustani ya uani bado ipo, na mimi ninakausha vya kwangu, na watu wa Mkomaindo wanavisifu, wengine wanakuja kujifunza. Ninawafundisha. Ninawaambia habari ya upepo na habari ya jua. Nikipika vya kwangu navila, ni vitamu, na baada ya chakula nabaki na hamu ileile niliyoanza nayo.

Konzi ya mwisho ya majani ya Kitangari niliipika mwezi wa kumi na moja. Niliyaunga kwa korosho, nikasonga ugali wa muhogo, nikatenga. Wajukuu walikuwa kwa mama yao, tulikuwa wawili tu mezani. Mume wangu alizima redio. Alikula taratibu, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akaniuliza kama imebaki nyingine jikoni.

Nikamwambia hapana, imekwisha.

Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa pale pale, hakuna aliyenyanyuka kutoa vyombo, mpaka giza likaingia.